Dirisha la kuokoa umeme Dar ni lile linalofunguka lote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa safu ya ujenzi, aliyetushauri wiki iliyopita tung'oe madirisha yetu na kuweka ya "vioo viwili vya kuokoa umeme". Mimi ni fundi wa alumini na vioo, karakana yangu iko Tabata. Kwa biashara yangu makala ile ilikuwa tangazo la bure. Tangu itoke simu haipumziki. Lakini wengi wanaonipigia nawaambia wasinunue, na kumweleza mteja mmoja mmoja ni kumaliza vocha, ndiyo maana nawaandikia nyie niwaeleze wote kwa pamoja.

Nina mteja wa Goba aliyeishi Sweden miaka mingi, akarudi kujenga. Alitaka vioo viwili vyenye gesi katikati, kama alivyokuwa navyo kule. Nilimheshimu, maana alijua anachokitaka, na kule alikotoka hoja yake ina mashiko. Siku ya baridi kali, ndani digrii 20, nje digrii 15 chini ya sifuri: tofauti ya digrii 35. Kioo kimoja cha kawaida kinapitisha karibu wati 6 za joto kwa kila mita mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti. Vioo viwili vinapitisha kama nusu ya hapo. Zidisha kwa nyumba nzima na kwa msimu mzima wa baridi, utaona faida yake ilipo.

Sasa ilete hesabu hiyo hiyo Goba. Kiyoyozi umekiweka digrii 25, nje ni 32. Tofauti ni digrii 7. Dirisha la futi 5 kwa 5, saizi ninayoipiga kila siku, lina mita mraba 2 na robo hivi. Kile kioo cha pili unachouziwa kwa bei mbaya kinakuzuilia joto la wati zisizofika 50. Pangaboi moja linakula 60 hadi 70. Nilipomwandikia mteja wangu tarakimu hizo kwenye kipande cha boksi, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Sasa fundi, hili joto lote la chumbani linatoka wapi?"

Linatoka kwenye jua lenyewe. Dirisha hilo hilo likitazama magharibi, ikifika saa kumi jioni siku isiyo na mawingu, jua linalipiga kwa zaidi ya wati 500 kwa kila mita mraba, na kioo cheupe kinaruhusu kama sehemu nane kati ya kumi kupita. Hapo tunaongelea karibu kilowati nzima. Ni kuwasha pasi ya umeme na kuiacha ikiwaka katikati ya chumba cha kulala mpaka adhana ya magharibi. Vioo viwili vyeupe vinapunguza kidogo tu, maana mwanga wa jua unapenya vyote viwili. Ukishaingia, unakaa kwenye kitanda, kwenye ukuta, kwenye marumaru. Vitu hivyo vinapata moto na kuanza kutoa joto lao, na joto la namna hiyo kioo hakilipitishi kurudi nje. Ndiyo sababu ya watu kukaa kibarazani saa tatu usiku wakipunga leso wakati chumbani kuna godoro la inchi kumi.

Na pazia? Pazia liko ndani. Jua likilifikia pazia limeshaingia nyumbani kwako. Pazia zito litakupa giza na stara, na mama mwenye nyumba atafurahi, ila joto lile linabaki hapo hapo chumbani.

Nisimtukane mwandishi wenu, kwa sababu vioo vizuri vya jua vipo kweli. Vipo vyenye utando mwembamba sana wa metali, usioonekana kwa macho, unaorudisha nje sehemu kubwa ya joto na kuacha mwanga upite. Ofisi ya maeneo ya Posta, katikati ya jiji, inayofungwa madirisha saa mbili asubuhi na kiyoyozi kinanguruma mpaka jioni, hoteli, chumba cha mitambo ya kompyuta: huko navifunga kwa moyo mweupe, na hata viwili viwili, maana jengo limeamua kuishi limefungwa. Lakini nani kati ya wasomaji wa gazeti hili anaishi hivyo? Nyumba zetu nyingi zina kiyoyozi kimoja, cha chumba cha baba na mama, kinachowashwa saa nne usiku na kuzimwa alfajiri. Sebule, jiko na chumba cha watoto vinaishi kwa upepo.

Mteja akishaachana na vioo viwili, swali linalofuata ni la tinti. Kioo cha tinti kinanyonya joto, chenyewe kinaungua, halafu joto hilo kinaligawa, sehemu nje na sehemu ndani. Nenda saa tisa alasiri ukaweke kiganja kwenye kioo cha tinti kinachopigwa na jua, utanielewa. Wanwei, kile kioo ambacho mchana aliye nje akikitazama anajiona mwenyewe, ni afadhali kwa sababu kinarudisha jua, ila wanaokinunua wengi wanafuata faragha. Faragha yenyewe ni ya mchana. Usiku ukiwasha taa, wewe ndani huoni nje, na jirani aliyesimama gizani anakuona mpaka rangi ya shuka. Nimewahi kuitwa usiku kwa dharura ya aina hiyo na sikuwa na la kufanya zaidi ya kushauri pazia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Makala ile ilizungumzia kioo mwanzo mpaka mwisho, na haikuuliza dirisha linafunguka kiasi gani. Dirisha la kuslaidi, ambalo ndilo mkate wangu, halifunguki zaidi ya nusu. Haliwezi: kipande kimoja kinakwenda kujificha nyuma ya kingine. Umelipia futi 5 kwa 5, unapata upepo wa futi 5 kwa 2 na nusu. Weka wavu wa mbu, nao unakula sehemu yake nzuri ya upepo. Weka grili ya maua maua, na pazia zito la tabaka mbili. Kinachofika kitandani ni salamu tu za upepo.

Luva zilizokuwepo kwenye nyumba za zamani, zile flati za Upanga, kota za serikali, nyumba za walimu, zilikuwa zinafunguka karibu zote. Unavuta mkono, vipande vya kioo vinalala, upepo unapita juu na chini. Kwa vile vipande vimeinama kuelekea nje, mvua ya masika isiyo na upepo mkali ilikukuta umeacha wazi nusu na maji hayaingii. Tulizing'oa kwa sababu za kweli, sizikatai. Mwizi alikuwa anachomoa kipande kimoja kimoja na kukiegemeza ukutani kwa adabu kabisa. Vumbi liliingia. Vibanio vilikatika na vipuri vikapotea madukani. Kiyoyozi kilipokuja, ubaridi ukawa unavujia humo. Halafu slaidi ikaja inang'aa, na kusema kweli inaficha matatizo yetu yote vizuri: haigongani na grili, haigongani na wavu, haipigi kelele kwenye upepo. Dirisha la bawaba linalofunguka kwenda nje linafunguka lote, lakini ukishachomelea grili nje, utalisukumia wapi? Wazee waliofunga madirisha ya chuma walijua dawa yake. Grili iko ndani, wavu uko ndani, na kwenye wavu kuna kidirisha kidogo cha kupitisha mkono kufikia komeo. Siku hizi mteja akikiona kile kidirisha anasema ni ushamba.

Nyumba za pwani hii zilijengwa na watu waliokuwa wanalilia upepo kama sisi, tena bila feni. Panda boti uende Mji Mkongwe wa Unguja utazame madirisha ya ghorofani: marefu, ya mbao, yana vipande vilivyopangwa kwa mwinamo, vingine unavisukuma vikainuka. Aliye ndani anaona barabara na haonekani, upepo unaingia, jua linabaki nje. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la huko huko, lililojengwa 1883, ilizungushiwa varanda pana ili jua liishie kwenye varanda lisifike ukutani. Na hapa hapa Dar tunaye marehemu Beda Amuli, msanifu aliyelichora Soko la Kariakoo miaka ya 70: miavuli ya zege juu, kando wazi, hewa inatembea yenyewe juu ya vichwa vya watu maelfu. Alijua anajenga mji gani.

Tazama sasa mtindo ulioshika kasi Kigamboni, Bunju, Goba mpaka Kibaha: nyumba za paa la kuficha. Bati limezama nyuma ya ukuta, nyumba inaonekana boksi safi, picha zake zinapendeza sana. Upenu hakuna. Ule upenu wa futi tatu wa bibi zetu, uliokuwa unatoka nje ya ukuta kufunika dirisha lisipigwe na jua wala mvua, umekatwa kabisa. Na dirisha limeongezwa ukubwa, futi 6 kwa 8, kwa sababu kwenye picha lilikuwa hivyo. Mwenye nyumba ananiita baada ya mwaka: fundi, vioo vyako vinaleta joto. Vioo vyangu!

Mambo ya jua si ya kubahatisha, yanajulikana. Dar iko kama digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba katikati. Desemba na Januari adhuhuri linasogea kidogo upande wa kusini, lakini liko juu sana, kwa hiyo kofia fupi tu ya zege juu ya dirisha la kusini inatosha kulizuia. Juni linakwenda kaskazini, liko chini zaidi, na huo ndio wakati wa hali nzuri, halimsumbui mtu. Tatizo letu kubwa ni mashariki asubuhi na, kuliko yote, magharibi jioni. Jua la saa kumi liko chini, linaingia mlalo, na kofia ya zege hailifikii. Dirisha la magharibi linataka kizuizi cha mbele yake: shata ya mbao, pazia la mianzi linaloning'inia nje, mwarobaini. Au lisiwepo. Ukutani magharibi weka choo, stoo, ngazi.

Upepo nao una ratiba. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, unavuma kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Alasiri upepo wa bahari unatoka mashariki. Kusi inakuja baadaye na kukaa katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha moja, mlango umefungwa, hakipati upepo hata dirisha lingefunguka asilimia mia, kwa sababu hewa haiingii mahali isipopata pa kutokea. Nyumba za zamani zilikuwa na kidirisha chenye wavu juu ya kila mlango. Unalala umefunga mlango na hewa inavuka kwenda koridoni. Tumeviziba vyote kwa jipsamu.

Mtu ataniambia: fundi, umeme sasa upo, Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, mgao wa 2023 tumeshausahau, washa kiyoyozi ulale. Umeme upo, ndiyo, lakini uniti hazigawiwi bure. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinavuta kama kilowati moja. Tuseme kinapumzika nusu ya muda, basi kwa saa 8 za usiku ni uniti 4, kwa mwezi 120. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi na makato, ni zaidi ya shilingi 35,000 kwa chumba kimoja. Pangaboi, saa zile zile, halifiki uniti 17 kwa mwezi, chini ya shilingi 5,000. Na kwa wale walio kwenye bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti, ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, kiyoyozi kimoja kinakutoa humo moja kwa moja, halafu hata uniti za taa na friji unazinunua kwa bei ya wakubwa. Hapo ndipo dirisha linapookoa umeme: linapokuwezesha kulala na pangaboi tu miezi tisa kati ya kumi na miwili.

Najua gazeti hili linasomwa hadi nyanda za juu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete, haya yote msiyafuate. Kwenu mwezi wa Juni na Julai baridi inashuka hadi barafu kwenye majani, na slaidi zetu, zenye nafasi kati ya kipande na kipande, zinawapitishia upepo usiku kucha. Kwenu dirisha la bawaba lenye raba nzuri pande zote ni bora kuliko slaidi, na kioo kikubwa kitazame kaskazini, kwa sababu ndiko jua la Juni liliko. Kwenu, na kwenu tu, nikisikia mtu anauliza vioo viwili vya nyumba ya kuishi nitachukua tepu nije kupima.

Kwa wa Dar ambaye slaidi zimeshafungwa, ushauri wangu hauna gharama ya kung'oa nyumba nzima. Acha sebule ilivyo. Nenda chumba cha kulala saa kumi jioni, uone ni dirisha gani linapigwa. Hilo lifunike kwa nje kwanza, hata kwa fremu nyepesi na mianzi. Bomba la mraba, boliti nne, siku moja kazi imeisha. Kisha, kama una la kutumia, badilisha dirisha la upande wa upepo liwe la bawaba au luva za alumini, ambazo bado zinatengenezwa na zina vibanio imara kuliko vile vya zamani, na grili ihamie ndani. Rudisha kidirisha cha juu ya mlango. Kioo ni cha mwisho kwenye orodha. Na yeyote anayekufungia slaidi, hakikisha ametoboa vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini, upande wa nje. Wengine wanaviruka kwa uvivu, masika ikija maji yanajaa relini na kumwagikia ndani, halafu lawama zinaiangukia alumini.

Wenzangu wa kazi watasema natuharibia soko. Dirisha la bawaba lina kazi nyingi kuliko slaidi, lina bawaba, komeo, raba, na fundi anayelijua analipwa vizuri zaidi. Sioni hasara yetu iko wapi.

Kuna wanaokagua ramani kabla ya kibali cha ujenzi. Wanauliza shimo la choo liko wapi, wanauliza umbali kutoka mpakani, na wana haki ya kuuliza. Kwenye ramani nilizopewa kupigia hesabu za madirisha sijawahi kuona alama yoyote kwamba kuna aliyeuliza jua linazama upande gani. Swali hilo halihitaji sheria mpya wala ada.

Na nyie wenyewe, Mhariri, mna sehemu yenu. Ramani za nyumba mnazochapisha kwenye safu ile ile ya ujenzi nimekuwa nazikata na kuzibandika karakanani, kwa sababu wateja wanakuja nazo mkononi. Zina vyumba, zina vipimo, zina picha ya gari mbele ya mlango. Hazina mshale wa kuonyesha kaskazini. Mtu anaikata ramani, anaigeuza ifuate barabara ya kiwanja chake, na chumba kilichochorwa kwa ajili ya upepo kinaangukia jua la magharibi. Wekeni huo mshale kuanzia toleo lijalo, na chini yake maneno mawili matatu kwamba ramani ikigeuzwa, madirisha nayo yafikiriwe upya.

Fundi wa alumini na vioo,
Tabata, Dar es Salaam